Guka Alisikia Treni Yangu Akasema Si ya Kwetu

Wasee, tuanze na kitu mnakijua. Uko kejani, dirisha limefungwa, nganya inapita huko barabarani. Hujaiona. Lakini unajua ni ya laini gani, unajua kama ni mpya ama ni ile ya mwaka juzi imepakwa rangi, na kama una sikio kabisa unaitaja jina kwa honi na besi peke yake. Hakuna mwalimu alikufunza. Mtaa ndio ulikufunza.

Sasa fikiria mtu atengeneze gemu ya matatu za Nairobi, picha zote ziwe fiti, grafiti iko, makanga ako mlangoni, halafu sauti aweke ya basi la London. Si utacheka? Si utasema huyu msee hajawahi kupanda mat hata siku moja?

Hicho ndicho nilifanya na treni. Na mtu aliyenicheka ni guka wangu.

Wale mmenifuata kwa muda mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kutimia, hiyo ni stori ya siku nyingine. Nilibaki na laptopu ya zamani na muda mwingi, nikaanza kucheza na Open Rails, simuleta ya treni ya bure ambayo haihitaji kompyuta ya bei. Nikaamua nitengeneze njia yetu wenyewe: kutoka Nairobi, ipite Kibera, Dagoretti, Kikuyu, mpaka Limuru. Nilikaa nayo miezi. Nilichora milima, nikaweka mabati, nikaweka migomba kando ya reli. Sauti nilikuwa nimeachia mwisho, kwa hivyo nikachukua tu kifurushi cha sauti za magurudumu nilichopata, kilichorekodiwa Uingereza. Kilikuwa safi kabisa, hakina upepo, hakina kelele. Nikasema imeisha.

Guka alifanya kazi ya reli. Si dereva, si karani. Alikuwa kwa genge la njia, wale watu wa nyundo na koleo wanaotembea kwa mataruma kukaza bolti na kusukuma kokoto. Sasa ako nyumbani Limuru, na sikio lake la kulia halifanyi kazi tena. Miaka ya chuma kugonga chuma. Mimi ndiye nilipewa jina lake, kwa hivyo kuna vile ananivumilia kuliko wajukuu wengine. Nikamwekea laptopu mezani, nikapandisha sauti mpaka juu, nikamwambia, "Guka, angalia. Hii ni ya kwenu."

Akaangalia kidogo. Halafu akafunga macho, akageuza sikio la kushoto. Akasikiliza labda dakika moja.

"Hii treni ni ya wapi?"

"Ni ya hapa, Guka. Hapo ni Kikuyu."

"Hapana. Reli ya hii treni ni ndefu sana. Yetu ilikuwa inaongea haraka."

Nilidhani ni uzee. Nikaenda kuangalia. Manze, mzee alikuwa sawa, na vile alivyokuwa sawa ndiyo historia ninayotaka kuwapa leo. Tumezoea kutafuta historia ya reli kwa vitabu na kwa picha za wazungu na simba wa Tsavo. Lakini kuna nyingine imeandikwa kwa sauti ya magurudumu, na hiyo inafutika polepole bila mtu kusema kitu.

Twende pole pole.

Ile sauti tunaiita "tata-tam, tata-tam" inatoka wapi? Reli ya zamani si kipande kimoja. Ni vipande vya chuma vimepangwa kimoja baada ya kingine, na kila mahali viwili vinakutana kuna nafasi ndogo. Hapo vinashikwa pamoja na bapa mbili za chuma, moja kila upande, na bolti zinapita katikati. Mafundi wanaita hizo bapa fishipleti. Nafasi inaachwa makusudi, kwa sababu chuma kikipata joto kinarefuka. Reli ya mita 9 ikipanda nyuzi 30 za joto, kutoka asubuhi ya baridi mpaka saa nane ya jua kali, inarefuka kama milimita 3. Inaonekana ni kidogo, lakini ukifunga reli zote bila nafasi na bila kitu kizito cha kuzishikilia, siku ya jua njia nzima inajipinda kama nyoka.

Kwa hivyo kila gurudumu likifika hapo linaanguka kidogo na kugonga ncha ya reli inayofuata. Huo ndio mdundo. Na kama ni mdundo, basi urefu wa reli ndio unaamua mdundo unarudi baada ya muda gani.

Sasa turudi 1896. Waingereza wanaanza kujenga Uganda Railway kutoka Mombasa. Upana kati ya reli mbili ni mita 1, ile tunaita mita geji. Mei 1899 reli imefika mahali penye kinamasi na maji baridi, hapo ndipo Nairobi yetu. Desemba 1901 imefika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Jumla ni maili 582, kama kilomita 936. Reli zilikuja kwa meli, na kila kipande kilikuwa na urefu wa futi 30, yaani mita 9 na kidogo.

Fanya hesabu mwenyewe. Maili moja ina futi 5,280. Gawanya kwa 30 upate vipande 176 kila upande. Zidisha kwa maili 582, halafu mara mbili kwa sababu kuna upande wa kushoto na wa kulia. Unapata zaidi ya vipande 200,000. Kila kimoja kilibebwa kwa mabega, kikalazwa, kikafungwa kwa mkono. Hakukuwa na mashine ya kulaza reli huko Taru, kulikuwa na watu.

Watu gani? Karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka India, na Waafrika wengi wakafanya kazi kando yao. Kati ya Wahindi hao, karibu 2,500 walikufa. Vitabu vingi vinaweka hivi: watu wanne kwa kila maili. Nimesoma hiyo sentensi mara nyingi na kila mara inapita tu, kama namba zingine zote za shule. Lakini siku nilianza kutengeneza sauti, niliigeuza kuwa midundo, na hapo ndipo ilinigonga. Maili moja, midundo 176. Watu wanne na kidogo. Hiyo ni mtu mmoja kila midundo 41. Treni ikienda kilomita 40 kwa saa juu ya reli ya futi 30, midundo 41 inaisha kwa sekunde 34.

Keti ukihesabu sekunde 34. Mtu mmoja. Tena 34. Mwingine. Kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Na hiyo ni hesabu ya Wahindi peke yao.

Sasa kile kifurushi changu cha Uingereza. Huko, kwenye miaka ya njia zenye viungo, walizoea reli za futi 60. Mara mbili ya zile za kwetu za mwanzo. Kwa hivyo treni ikienda mwendo ule ule, mdundo wao unakuja nusu ya mara. Guka hajui futi ngapi zinatumika Uingereza, hajawahi kufika huko. Alichosikia ni nafasi kati ya mdundo na mdundo, na mwili wake ukakataa. "Reli ni ndefu sana." Miezi yangu yote ya kuchora mabati, na sikio moja la mzee limenitoa kwa gemu.

Nikamuuliza alijuaje. Akanipa kitu ambacho tangu siku hiyo nakifanya kila nikipanda treni ya zamani. Watu wa reli hawakuwa na simu za kuwaambia mwendo. Walihesabu midundo. Kila reli ina sekunde zake: chukua urefu wa kipande kwa mita, zidisha mara 3.6, hizo ndizo sekunde za kuhesabu. Midundo utakayopata ndani ya hizo sekunde ndiyo kilomita kwa saa. Reli ya futi 30 inakupa sekunde 33. Reli ya futi 40 inakupa sekunde 44. Kwa hivyo ukihesabu midundo 38 kwa sekunde 44 kwa reli ya futi 40, unaenda kilomita 38 kwa saa. Guka hajui 3.6 ni nini. Yeye alijua tu uhesabu mpaka wapi kwa saa yake ya mkono. Ile formula nilikuja kuipiga mwenyewe kejani, na ilipotoka sawa nilishangaa vile fizikia ya fomu tatu imekuwa ikitembea na nyundo mkononi miaka hiyo yote.

Basi nikaamua kufuta kila kitu na kurekodi sauti yetu. Nilipanda treni ya abiria ya Limuru mara kadhaa, simu imefungwa kwa soksi ili upepo usiingie, imeshikiliwa karibu na sakafu juu ya magurudumu. Siku zingine nilisimama stesheni, mahali pa abiria, nikairekodi ikiingia na ikitoka. Msithubutu kusimama kwa reli sababu ya kontenti. Treni iliyochelewa bado ni treni.

Na hapo nikaanza kusikia vitu ambavyo sikuwahi kusikia, na nimepita hiyo njia tangu nikiwa mtoto.

Kwanza, mdundo si mmoja. Behewa limekaa juu ya bogi mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila bogi ina ekseli mbili zenye nafasi ya kama mita 2. Kwa kilomita 40 kwa saa hizo ekseli mbili zinagonga kiungo kimoja zikifuatana kwa chini ya robo ya sekunde. Hiyo ndiyo "ta-tam". Halafu bogi ya nyuma ya behewa hili na bogi ya mbele ya behewa linalofuata ziko karibu, kwa hivyo ukisimama nje unasikia "ta-tam ta-tam," kimya, "ta-tam ta-tam," kimya. Nne nne. Ukiwa ndani katikati ya behewa unasikia tofauti na mtu aliyeketi mlangoni. Simuleta nyingi hazijali hiyo, zinaweka sauti moja kila mahali.

Ukielewa hapo, unaweza kufanya kitu kikali sana. Nenda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi. Kuna injini kubwa ya mvuke imesimama pale, namba 5918, jina Mount Gelai. Ni ya klasi ya 59, zile Garratt zilizojengwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, tani 252, na hakuna injini za mvuke za mita geji zilizowahi kuzishinda ukubwa. Zilivuta mizigo ya Mombasa mpaka karibu 1980. Sasa zinakaa kimya, watoto wa shule wanapigia picha.

Lakini sauti yake imeandikwa kwa mwili wake. Hesabu ekseli kutoka mbele: 2 ndogo, 4 kubwa, 1 ndogo. Halafu nafasi, hapo katikati ndipo boila limelala. Halafu 1, 4, 2. Ekseli 14. Kwa hivyo kila kiungo cha reli kiligongwa mara 14 na injini peke yake, kabla behewa hata moja halijafika: ta-ta, tatatata, ta... ta, tatatata, ta-ta. Ukipima nafasi kati ya magurudumu, ukajua urefu wa reli na mwendo, unaweza kupanga huo mdundo upya bila kuwa na rekodi yoyote. Nilikaa pale makumbusho na karatasi nikigonga kwa kidole kwa benchi kama mwendawazimu. Askari wa getini alinitazama vibaya lakini aliniacha.

Jambo la pili nililosikia ni kwamba mdundo ni nusu tu ya kazi. Chini yake kuna ngurumo inayoendelea. Gurudumu si laini na reli si laini, hata zikiangaza. Kuna vipele vidogo sana, na vikisuguana vyote viwili vinatetemeka. Mataruma yanatoa sauti nene ya chini, reli inatoa ya katikati, na gurudumu lenyewe linatoa ile nyembamba ya juu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, hiyo ngurumo inapanda kama desibeli 9. Halafu kuna kona. Kupanda kutoka Nairobi kwenda Limuru reli inajizungusha kufuata mlima, na kwa kona kali ekseli mbili za bogi moja zimefungwa sambamba, haziwezi kugeuka kufuata kona sawasawa. Lazima magurudumu yateleze kwa upande juu ya reli. Ndiyo ile kelele inakupiga meno, kama chaki mbaya ubaoni. Tena, gurudumu likiwahi kuburutwa na breki, linapata bapa ndogo, na bapa hiyo inagonga kila mzunguko. Kwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 90, kwa kilomita 40 kwa saa, ni karibu mara 4 kila sekunde. Ukisikia behewa linalopiga hivyo hata mahali hapana viungo, kosa ni la gurudumu, reli haina makosa.

Hapa ndipo kifurushi cha kununua ama kuazima kinakosea wengi. Watu hurekodi sauti moja kwa mwendo mmoja, halafu wanaambia simuleta iiharakishe treni ikikimbia. Open Rails inakubali hivyo, unapanga mstari wa mwendo na sauti inapanda. Lakini ukiharakisha rekodi nzima, kila kitu kinakuwa chembamba, treni inasikika kama panya. Chuma halisi hakifanyi hivyo. Kipande cha reli kikigongwa kinalia kwa sauti yake ile ile, polepole ama haraka. Kinacholia zaidi ni nguvu ya kugonga. Kwa hivyo nilitenganisha. Ngurumo ikawa faili zake, moja ya mwendo wa chini, moja ya kati, moja ya juu, zinapokezana. Midundo ikawa faili zake. Kona zikapewa sehemu zao kwa ramani, ili kelele ianze pale kona inaanza, si kila mahali.

Nikafikiria nimemaliza. Nilikuwa nimechukua midundo mizuri zaidi, nikaipanga sawa sawa, sauti ya sekunde 8 inayojirudia bila mtu kusikia imeungwa wapi. Nikaenda Limuru tena.

Guka akasikiliza. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, urefu sasa ni sawa. Halafu akasema kitu nimekiwaza tangu siku hiyo.

"Hii njia hakuna mtu amewahi kuitengeneza."

"Vipi, Guka?"

"Viungo vyote vinalia sawa. Njia iliyofanyiwa kazi hailii sawa. Kuna pale reli ilikatwa ikawekwa fupi. Kuna pale kokoto ziliisha chini ya kiungo, kinazama. Kuna pale tulibadilisha mataruma. Mimi nikiwa kwa behewa usiku nilikuwa najua niko wapi."

Wacha niwaambie vile hiyo iliniingia. Mimi nilikuwa nimetafuta usafi. Nilikuwa nimekaa usiku nikifuta kila mdundo uliokuja mapema, kila mmoja uliolia kwa uzito. Na kumbe yale niliyokuwa nafuta ndiyo yalikuwa kazi ya guka. Reli ilitoka kiwandani sawa. Kinachofanya kilomita hii iwe tofauti na ile ni mvua, uzito wa treni, na mikono ya watu waliorudi hapo kuitengeneza miaka na miaka. Majina ya wakubwa yako kwa vitabu. Majina ya genge la njia hayako popote. Kazi yao iko kwa mdundo uliochelewa kidogo karibu na Kikuyu, na mimi nilikuwa nimeufuta kwa sababu ulikuwa unaharibu faili yangu.

Sasa najua kuna mtu ameshaandaa komenti: "Bro, hiyo ni ya zamani, SGR iko." Sawa. Tuongee SGR, na sitaki kuitukana.

Madaraka Express ya kubeba abiria Mombasa na Nairobi ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017. Upana wa reli ni milimita 1,435, mataruma ni ya zege, na reli zimechomelewa zikawa ndefu bila kukatika. Joto linazikaza lakini zege zito na kokoto nyingi vinazishikilia zisisogee. Kwa hivyo hakuna nafasi, hakuna mdundo. Unasikia ngurumo laini peke yake, na ukipita kwa makutano ya njia unasikia kagonga kadogo, basi. Ukiiweka kwa simuleta ni rahisi: ngurumo nzuri na umemaliza. Unaweza kulala kutoka Mtito Andei mpaka Syokimau. Mama yangu anaipenda, na mimi pia nikiwa na ganji naipanda.

Lakini sikia hii. Mbinu ya kuchomelea reli kwa unga wa alumini na kutu ya chuma, unaowashwa mpaka chuma kinayeyuka, ilipewa hataza Ujerumani 1895 kwa jina la Hans Goldschmidt. Ilitumiwa kwa reli za tramu mjini Essen mara ya kwanza 1899. Angalia huo mwaka tena. Ni ule ule mwaka reli ya futi 30 ilifika Nairobi ikifungwa bolti kwa mkono. Ilichukua miongo kabla njia kubwa za treni duniani zizoee kuchomelewa, kwa hivyo sisemi Waingereza walituficha. Ninachosema ni kwamba mdundo haukuwa sheria ya Mungu kuhusu treni. Ulikuwa sauti ya mwaka fulani, bei fulani, na uamuzi kwamba mikono ya watu itafanya kazi hiyo. Na kimya cha SGR pia ni sauti ya mwaka wake: mitambo, zege, na deni. Vyote viwili ni historia. Tofauti ni kwamba kimoja bado kitakuwepo kesho.

Na cha pili je? Abiria wa Mombasa waliondoka kwa treni ya mita geji mwaka huo huo wa 2017. Kisumu ilirudishiwa treni ya zamani mwisho wa 2021. Treni za jioni za Nairobi bado zinatembea juu ya njia hiyo, zingine ni zile kutoka Mallorca, Hispania, zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Mita geji haijakufa. Lakini kila ukarabati unabadilisha mlio wake, na hivyo ndivyo inafaa, reli si makumbusho, watu wanataka kufika kazini. Sitaki mtu aache kiungo kibovu ili mimi nipate kontenti. Ninachotaka ni kirekodiwe kabla hakijatengenezwa.

Kwa sababu hii ndiyo inaniuma. Mtoto atakayezaliwa leo akitaka kusikia treni ya babu wa babu yake, atafungua simuleta, na atapata nini? Atapata treni ya Uingereza juu ya milima ya Limuru. Itakuwa safi, haina upepo, na hatajua kwamba inadanganya, kwa sababu wale ambao wangemwambia "reli hii ni ndefu sana" watakuwa wameenda. Guka amebaki na sikio moja. Hiyo ndiyo maktaba yote niliyo nayo, sikio moja la kushoto.

Kwa hivyo niliirudia kazi mara ya tatu. Nikaacha mzunguko wa sekunde 8. Nilichukua rekodi ya safari nzima, nikaigawa kwa stesheni, na kila sehemu ikapata midundo yake yenyewe, na ile iliyochelewa, na ile inayozama. Imekula nafasi nyingi kwa laptopu mpaka nikafuta gemu zingine. Faili zina upepo kidogo, na kuna mahali mama mmoja anakohoa na muuzaji njugu anapita. Nilijaribu kuwatoa. Halafu nikawaacha.

Nawaomba kitu kimoja tu. Kama una guka, kama una nyanya, kama jirani yako alifanya reli, posta, bandari, popote, usimuulize tu "maisha yalikuwaje." Hilo swali halina jibu. Muwekee sauti ya kazi yake umuulize nini hakiko sawa. Atakwambia mambo ambayo hajawahi kuambia mtu.

Mwezi jana nilimpelekea Guka ile ya tatu. Safari hii hakugeuza sikio. Aliweka mkono wake juu ya meza kando ya spika, akafunga macho, akakaa kimya tangu Nairobi, akapita Kibera, akapita Dagoretti. Tulipokaribia Kikuyu akafungua macho ghafla.

"Hapo," akasema. "Hicho kiungo kimelegea. Nani anaangalia hii sehemu?"

Nikamwambia hakuna mtu, Guka, ni kompyuta.

Akanitazama vile anavyomtazama mtu mvivu. "Basi waambie."